Mashahidi Wanne

Andika, koplo, nami nitasema polepole.
Jina ni Zaituni Nabwire. Kazi, mwoshaji.
Nimeosha maiti wa kike hapa Mumias miaka ishirini na mitatu,
wa kipindupindu, wa uzazi, wa trela la miwa,
na hakuna aliyewahi kuniuliza nimeona nini.

Waliniita kabla ya alfajiri.
"Aliteleza kisimani," alisema shangazi yake
akinikabidhi ndoo, karafuu maiti na sabuni.
Hakunitazama. Aliitazama ndoo.

Sauda binti Makokha. Miaka ishirini na mmoja.
Ndiye aliyekuwa akinisomea ujumbe wa simu
tangu macho yangu yaanze kuniaga.
Akimaliza hucheka: "Bibi, ni kampuni tu,
wanakudai shilingi kumi."

Nikaanza upande wa kulia, kama ilivyo sunna.
Bismillahi. Mkono. Bega.
Nywele zake zilikuwa kavu.
Umeandika hapo? Kisimani, na nywele kavu.

Kisha shingo.

Mimi naijua adabu ya kazi yangu.
Aibu ya maiti huzikwa naye.
Nimeficha chale za waganga, nimeficha mimba changa,
nimeficha jina la mwanamume
lililochorwa pajani kwa sindano na wino.
Hayo yalikuwa yao, na Mola wao.
Lakini hizi alama Sauda hakuwa nazo. Aliwekewa.
Mzigo wa mtu nitaufungaje katika sanda ya mwingine?

Baba yake mdogo, Rajabu, akaja nyuma ya pazia.
"Mama Zaituni, fanya haraka.
Alionekana na kijana wa mizani ya miwa, kule daraja la Nzoia.
Heshima ya nyumba ni kioo."
Nikamuuliza, nani aliyemwona?
"Watu."
Wangapi?
Nikasikia viatu vyake vikihama kokoto moja hadi nyingine.

Koplo, nilisoma chuo cha mabati nyuma ya msikiti,
ubao na makaa, fimbo juu ya dari.
Tulifundishwa: atakayemtuhumu mwanamke
alete wanne, walioona kwa macho yao,
si walioambiwa na mtu wa bodaboda.
Akiwakosa, mgongo ni wake, na mijeledi themanini.
Wao hawakuwa na hata mmoja.

Mimi ninao wanne.
Wamejipanga shingoni, upande wa kushoto,
kuanzia cha shahada hadi kidogo,
na gumba, upande wa pili, ndiye msemaji wao.
Maneno yao hayapishani.

Nilimwosha mara tano. Nilimsuka mafundo matatu.
Sanda sikuifunga.
Nje walikuwa wanahimiza jeneza,
kaka yake Yakubu sauti juu kuliko wote.
Nikatia komeo, nikakaa juu ya ndoo, nikatoa simu.
Ya kumpigia nani? Namba sizioni.
Sauda alinifundisha: "Ukibanwa, bibi,
bonyeza tatu, usiachie. Tatu ni mimi."
Mkono una mazoea yake.
Nikabonyeza tatu.

Ikalia uani.
Kasida ile aliyoipenda, naijua, ililia
ndani ya mfuko wa kanzu ya Yakubu,
na uani kote hakuna aliyesema amina wala chochote.

Mtoto wa jirani ndiye aliyewakimbilia nyinyi.
Nilimpitisha dirishani, ana miaka tisa,
jina lake usiliandike.

Leo wamenitumia wazee watatu na kilo mbili za sukari.
Tuyamalize nyumbani, wanasema, marehemu apumzike.
Sukari iko pale mezani kwako, ifunge kama kielelezo.
Mwambie hakimu, na kadhi pia akitaka kusikia,
kwamba nyumbani ndiko yalikoanzia.

Umemaliza? Nisomee.
Polepole. Hapo kwenye nywele, rudia.

Sasa leta wino, mstari wa kutia sahihi siuoni.
Nishike mkono, uniongoze.
Hiki hapa gumba changu.